Tezi imelala, au ni mimi mvivu?

SWALI

Shikamoo Daktari,

Nina miaka 36, nimeolewa, tuna mtoto mmoja wa miaka sita. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana nikikaa tu nasinzia.

Mambo yalianza miaka miwili iliyopita, kwa kuchoka. Si ule uchovu wa kazi unaoisha ukilala. Mimi nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Baadaye ikaja baridi: wenzangu ofisini wanajipepea, mimi nimejifunika mtandio. Ngozi ikakauka, nikijikuna inatoa unga. Nywele zinabaki kwenye kitana. Choo nakipata baada ya siku tatu, nne. Hedhi ikawa nzito, ya siku tisa, nikaambiwa damu ni pungufu nikapewa vidonge vya madini ya chuma. Sauti nayo ikawa nzito, hadi dada yangu alipiga simu akadhani kapokea mume wangu. Uzito ukapanda kilo 14.

Mume wangu si mtu mbaya, ila aliwahi kusema mbele ya mama yake kwamba siku hizi nimekuwa mvivu. Nilinyamaza, maana hata mimi nilishaanza kuamini.

Mwaka jana daktari mmoja alinigonga nyuma ya kisigino kwa kinyundo, akautazama mguu wangu, akatabasamu, akaandika vipimo. Karatasi ikarudi na TSH 46 na kingamwili za TPO ziko juu. Akaniambia tezi ya shingo imelala, na anayeishambulia ni kinga ya mwili wangu mwenyewe. Akanipa levothairoksini mikrogramu 100 kila siku. Nilikuwa namezea kahawa ya asubuhi, pamoja na vile vya chuma ili nisisahau. Hata hivyo baada ya miezi mitatu nilipanda ngazi bila kushika ukuta. Nilicheka peke yangu pale juu.

Basi nikaacha. Nilijiona nimepona. Pia kuna dada mmoja kazini, mtu mzima ninayemheshimu, aliniambia dawa za homoni zinailevya tezi: ikizizoea inalala moja kwa moja, na wewe huchomoki tena. Mwezi wa kwanza baada ya kuacha sikuona chochote, nikajua amesema kweli. Sasa ni mwezi wa tano na yote yamerudi. Yeye ananishauri matone ya "kusawazisha homoni", yana madini joto na vitamini za nywele. Vidonge vya hospitali bado viko kwenye droo, 41, nimevihesabu leo.

Kweli nitameza dawa hii mpaka nife? Matone nianze? Na mume wangu nimwambieje? Halafu, sijui kama ina uhusiano, siku zangu zimechelewa wiki tatu, ila kwa jinsi homoni zangu zilivyovurugika sikushtuka.

Ni mimi, Nimechoka Kuchoka

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Nilipofika kwenye sentensi yako ya mwisho nikavua miwani. Madaktari tunaijua hiyo "halafu". Mgonjwa anaeleza nusu saa, anashukuru, anasimama, ameshashika kitasa cha mlango ndipo anasema jambo lenyewe. Kwa hiyo tunaanza na hilo, na yale uliyoyaita maswali yatangoja zamu.

Kesho asubuhi pima mimba. Mkojo wa kwanza, kipimo cha kawaida tu.

Inawezekana kabisa ni tezi. Ikizembea, ubongo huongeza amri zake, na amri hizohizo huchochea prolaktini, homoni ya maziwa, ambayo hulizuia yai kupevuka. Wapo wanaokaa miezi bila hedhi kwa sababu hiyo, na wengine hutokwa na maziwa hali hawanyonyeshi. Lakini tezi iliyolala haimzuii kila mwanamke kushika mimba, na mwanamke aliyeolewa mwenye miaka 36 aliyepitisha wiki tatu hapewi jibu la "homoni" kabla ya kupima. Hata angekuwa na homoni zilizovurugika kiasi gani.

Haraka yangu ina sababu. Mtoto aliye tumboni hana homoni yake ya tezi katika wiki za mwanzo. Tezi yake huanza kutengeneza karibu na wiki ya 12, na hata baada ya hapo huendelea kumtegemea mama kwa sehemu kubwa hadi katikati ya mimba. Homoni hiyo ndiyo inayosaidia kuujenga ubongo wake. Mama akiwa na upungufu mkubwa, mimba ina hatari zaidi ya kuharibika, presha ya ujauzito hupanda kwa urahisi, mtoto anaweza kuja kabla ya wakati. Sikutishi. Jambo hili lina dawa, tena wewe unayo kwenye droo.

Ukiona mistari miwili, usingoje miadi ya mwezi ujao. Nenda siku hiyohiyo, upimwe TSH, kile kipimo kilichosoma 46, na T4 huru, yaani homoni yenyewe ya tezi, uanzishiwe dawa upya. Mwanamke aliyekuwa akiendelea na dawa, akipata mimba, mara nyingi huambiwa aongeze vidonge viwili kwa wiki mara tu anapojua, kwa sababu mahitaji hupanda kwa robo hadi nusu. Wewe hauko hapo. Wewe ulishaacha, kwa hiyo dozi ya kuanzia aipange anayekuona kwa macho, usiipange kwa barua yangu. Baadaye utapimwa kila baada ya wiki nne hivi mpaka nusu ya mimba ipite. Ukiona mstari mmoja, nenda wiki hiihii vilevile, na zuia mimba kwanza hadi TSH ishuke chini ya 2.5.

Haya. Sasa tuongee taratibu.

Chini ya ubongo, usawa wa nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere inayoitwa pituitari. Kazi yake mojawapo ni kubisha hodi kwenye tezi ya shingo, na hodi hiyo ndiyo TSH. Mwenye nyumba akiitika, yaani akitoa homoni, pituitari hunyamaza. Asipoitika, hubisha kwa nguvu. Kwa watu wazima wengi wenye afya hodi huwa kati ya 0.4 na 4 hivi. Yako ilikuwa 46: mtu anapiga mlango kwa ngumi, ndani kimya. Nimeona wagonjwa wakiishika karatasi kama yako wakasema "homoni zangu ziko juu sana, nipe za kuzishusha." Kilicho juu ni hodi. Homoni yenyewe ndiyo imeadimika.

Homoni ya tezi huingia karibu kila chembe ya mwili na kuiambia ifanye kazi kwa kasi gani. Ndiyo maana malalamiko yako yanaonekana hayana ukoo, na ndugu zako walio jirani wanaweza kukuona mtu wa visingizio: leo choo, kesho nywele, keshokutwa baridi. Ukoo wanao. Utumbo umepunguza mwendo. Ngozi haitoi mafuta. Mwili unachoma nishati kidogo, joto litoke wapi? Kwenye nyuzi za sauti na chini ya ngozi hujikusanya ute unaoshika maji, ndiyo sauti ya mume wako hiyo. Hedhi huwa nzito kwa sababu yai halitoki kwa mpangilio na utando wa kizazi unanenepa bila kizuizi. Na yule daktari aliyetabasamu aliona kitu ambacho vitabu hukisema lakini si kila siku unakiona: ukigongwa nyuma ya kisigino mguu huruka kama wa mtu yeyote, ila wa mwenye tezi iliyolala hurudi polepole, kama mlango wenye bawaba kavu. Nadhani alishajua kabla ya kuandika karatasi.

Neno homoni lenyewe aliliingiza Ernest Starling huko London mwaka 1905, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea, kuamsha. Watu wanaosema "tezi imelala" hawako mbali naye.

Aliyeilaza yako ni kinga ya mwili. Ugonjwa huu unaitwa Hashimoto, kwa jina la daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliyeeleza mwaka 1912 tezi za wanawake wanne zilizokuwa zimejaa chembe za kinga badala ya kufanya kazi yake. Ulichosoma kwenye karatasi, TPO, ni moja ya vitu ndani ya tezi ambavyo kinga yako imevichukulia kuwa adui. Ugonjwa huu hutembea katika familia: dada yako huyo aliyechanganyikiwa na sauti, mwambie naye akianza kuchoka hivi apime, asingoje miaka miwili kama wewe.

Sasa swali la mpaka kufa. Wapo ambao tezi huzinduka, hasa waliougua miezi michache baada ya kujifungua. Wewe ulikuwa na TSH ya 46, kingamwili ziko juu, na ulipoacha dawa dalili zote zikarudi kama wageni wanaojua njia. Sitakudanganya. Kwa hali hiyo, ni ya maisha.

Lakini hebu tuangalie unachomeza ni nini. Levothairoksini ni homoni ileile, molekuli ileile ambayo tezi yako ingetoa kama ingeweza. Mwaka 1891 George Murray, daktari wa Newcastle, Uingereza, alimchoma mwanamke mwenye miaka 46 sindano ya maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ya kondoo. Baadaye mama huyo akawa anaimeza dawa kwa mdomo. Kabla ya hapo watu wa namna yake walivimba, wakapumbaa, wakafa. Yeye aliishi miaka 28 zaidi, akafariki ana miaka 74. Nikimkumbuka huyo, kidonge kimoja kidogo cha asubuhi, kisicho na harufu ya kondoo, naona ni bahati.

Mbona mwezi wa kwanza hukuona kitu? Homoni hii hukaa mwilini kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Nusu yake huisha baada ya kama siku saba. Wiki ya pili imebaki robo, ya tatu thumni, ya nne moja ya kumi na sita. Ulikuwa unaishi kwa akiba. Dada wa kazini akaonekana nabii wakati ulikuwa unatumia salio. Hii pia ndiyo sababu ukianza upya, au dozi ikibadilishwa, TSH hupimwa baada ya wiki sita hadi nane na si baada ya siku tano. Isipokuwa mimba, ambayo haina subira hiyo. Na ndiyo sababu ukisahau kidonge siku moja hakuna msiba.

Kuhusu huyo dada, nataka nimtendee haki. Jambo alilosema lipo, ila kwenye tezi nyingine. Watu wanaotumia prednisoloni kwa wiki nyingi, labda kwa pumu au maumivu ya viungo, tezi zao za juu ya figo huacha kutoa homoni yake, kotisoli, kwa sababu dawa hiyo huifanyia kazi na mwili unaipata bure. Wakiacha ghafla wanaweza kuanguka, presha ikashuka, wakafa. Wao hupunguza kidogo kidogo kwa mpango wa daktari. Huenda aliona jambo kama hilo kwa mtu wake akalibeba likiwa zima hadi kwako. Tezi ya shingo haina tabia hiyo. Hata mtu mwenye tezi nzima akipewa levothairoksini kisha akaiacha, tezi yake huamka baada ya wiki kadhaa. Yako haikuamka kwa sababu ilikuwa imeharibika kabla hujameza kidonge cha kwanza. Mimi nikivua miwani sioni herufi, wala hakuna aliyeniambia miwani imeyalevya macho.

Matone yake, hapana. Anayekosa madini joto tezi yake huyahitaji, hilo kweli, lakini tatizo lako si njaa ya madini, ni vita. Kuyazidisha kwenye tezi yenye Hashimoto kunaweza kuilaza zaidi, na mjamzito ndiyo kabisa asijimiminie asichojua kipimo chake. Vitamini za nywele nazo mara nyingi huwa na bayotini nyingi, ambayo haidhuru tezi ila huvuruga mashine za maabara: TSH husomeka chini kuliko ilivyo, daktari anakupunguzia dawa unayoihitaji. Anayeitumia aiache siku mbili kabla ya kutoa damu, na aseme. Nywele zako zitarudi tezi ikitulia. Huchukua miezi, vumilia.

Halafu ile habari ya kumezea kahawa pamoja na vidonge vya chuma. Mwanangu! Chuma huishika levothairoksini tumboni na kutoka nayo. Kalsiamu vilevile. Kahawa nayo hupunguza kinachofyonzwa. Kwamba ulipona kwa mtindo ule ni ajabu kidogo, na inaweza kuwa hata ile 100 haikuwa inafika yote. Meza kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula au kunywa kingine. Chuma na kalsiamu viachane nayo kwa saa nne. Asubuhi zikikushinda, meza usiku wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula. Wengi hawaniulizi hili, wanarudi TSH iko juu, dozi inapandishwa, kumbe kosa liko kwenye kikombe. Vile 41 usivitupe na usijianzishie kimyakimya. Soma tarehe, kisha nenda navyo.

Uzito. Hapa sitakufurahisha. Tezi iliyolala huongeza uzito, lakini kwa kawaida kilo mbili hadi tano hivi, nyingi zikiwa maji na chumvi. Kati ya kilo zako 14, tezi haiwezi kubeba zote. Mtu aliyechoka hasogei, na miaka miwili ya kutosogea ina hesabu yake. Usije ukashawishika kuongeza dozi ili upungue. Homoni ikizidi, moyo hupiga ovyo, mifupa hupoteza nguvu, mikono hutetemeka, usingizi unakimbia. Uvivu wa tezi utakuwa umeubadilisha kwa wazimu wa tezi.

Nikigeukia nyumbani: mwonyeshe karatasi ya 46. Mwambie hodi ilivyokuwa inapigwa na hakuna aliyeitika. Wanaume wengi walionijia na wake zao huelewa namba kabla ya kuelewa "nimechoka". Ila neno alilosema mbele ya mama yake ni jingine. Angelisema hata kama TSH yako ingekuwa 2, lingeuma vilevile, na hakuna kidonge cha kulifuta. Hilo mwambie lilivyokuuma, bila kulipitisha kwenye shingo. Na TSH ikishakaa sawa kwa miezi, uchovu ukabaki, usimsingizie tena tezi. Damu yako ilikuwa pungufu, hatujui usingizi wako ukoje, wala huzuni hatujaigusa. Tutafute huko.

Mtu wa nyumbani ajue pia kwamba mwenye ugonjwa huu asiye na dawa akianza kuchanganyikiwa, mwili kuwa wa baridi kupita kawaida, kulala asiamshike, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo. Ni nadra, na mara nyingi huletwa na maambukizi au baridi kali juu ya tezi iliyotelekezwa.

Ukifika mapokezi usiseme "nimekuja kupima homoni", utawekwa kwenye foleni ya wanaopima homoni. Sema hivi: "Nina ugonjwa wa tezi ya shingo, nimeacha levothairoksini miezi mitano, na nimechelewa siku zangu wiki tatu." Kipimo cha mkojo uwe nacho mkononi.